Masaji ya Shela

Mke wangu kwao ni Mkomani, Lamu. Nilipomwambia twende tukapumzike hoteli ya Shela, mwendo wa kilomita tatu hivi kutoka kwa shangazi zake, aliguna. "Tulipe pesa tukalale nyumba kama ya bibi?" Nikamwambia hii ina bwawa la kuogelea.

Ya basi la Mombasa hadi Mokowe niyaache. Kwenye boti nahodha aliona mabegi yetu ya magurudumu, akataja bei ya wazungu. Mke wangu akamjibu kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, bei ikashuka papo hapo.

Nyumba yenyewe, wallahi, ni nzuri: kuta za matumbawe na chokaa, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mpaka juu, na chooni birika la kuhifadhia maji lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Ila vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, maana upana hufuata urefu wa boriti za mkoko zinazobeba dari. Wazee walilijua hilo, wakaweka vitanda vya kiasi. Wenye hoteli wameshindilia kitanda cha futi sita kwa sita, tukawa twenda msalani ubavu ubavu kama kaa, tena kwa pesa ambazo Mombasa zingenilipia kodi ya mwezi.

Kijana wa mapokezi, mtu wa bara, mpole sana, akatuzungusha. Hili daka la mlangoni, hiki kiwanda, yaani ua wa ndani, huu msana, ukumbi unaotazama ua. Nasi twaitikia, mke wangu akinifinya. Tukafika chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha. Mishumaa, taulo nyeupe, mafuta ya nazi, meza ndefu ya masaji.

"Hapa ndipo wageni wanapopapenda zaidi, mama. Kimya kabisa. Unalala mpaka unasahau uko wapi."

"Mwanangu, wajua chumba hiki kilikuwa cha nini?"

"Stoo?"

"Wanawake wakizalia humu. Na maiti wa nyumba wakioshwa humu humu. Bibi yangu alioshwa kwenye chumba kama hiki, mimi ndiye niliyeshika kata ya maji."

Kijana akaitazama ile meza, akaitazama taulo aliyoishika, akairudisha polepole. Kisha akasimama mlangoni. "Meneja anajua?"

Meneja hakujua, wala hakutaka kujua. Akasema masaji yaweza kufanyiwa darini, chini ya makuti, penye upepo, lakini huko kuna nyongeza. Nikamuuliza nyongeza ya nini, upepo? Masaji yamo kwenye bei tuliyolipa! Tulibishana hadi adhana ya magharibi. Hatukukandwa, na hela haikurudi.

Usiku mke wangu hakulala. Nyumba ya bibi yake iliuzwa warithi walipozidi, kila mmoja akapata kifungu kisichonunua hata mlango wake wa nakshi. Akawa ananiuliza, wale walioinunua, chumba kile wamekifanya nini? Ningemjibu nini mimi, mtu wa Kisauni, niliyezaliwa nyumba ya kupanga?

Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, bei ya kuchinja mbuzi. Tukafunga mabegi twende kwa shangazi, ambako tungekula hayo hayo bure.

Yule kijana alitubebea mizigo hadi gatini. Boti ilipokaribia akamwinamia mke wangu. "Mama, na kile chumba cha chini ya ngazi, ninacholala mimi?"

"Hicho cha kuku, baba. Lala."