Lushoto kwa miguu, na hela inaishia wapi

Watu wengi wakienda Lushoto, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, wanapanda Irente, wanapiga picha pale ukingoni na Mazinde ipo chini kabisa, wanakula, wanageuza gari wanarudi Dar. Sina ugomvi nao, pale ni pazuri kweli, ila hela yao wameiacha getini na hotelini basi, labda na kwa mama anayeuza peasi na plamsi kule Soni kama walikumbuka kufungua kioo.

Mimi napigia debe ile safari ya miguu ya Lushoto mpaka Mtae. Unaanza na msitu wa Magamba, mbega wanakuchungulia juu ya miti, unashukia mashamba ya kabichi, karoti na viazi, unapita Lukozi, unalala Rangwi kwa masista, halafu siku inayofuata unapandisha na kushuka weeee mpaka Mtae, kijiji kimekaa juu ya ukingo na chini ni tambarare za Mkomazi. Njia nzima unakula kwa watu na unanunua kwa watu, yaani ni lazima tu, hakuna hoteli kubwa ya kukumezea hela yote siku ya kwanza. Na hela ya aina hii ndo milima inaihitaji, maana mashamba yamegawanywa kwa watoto mpaka vipande vimekuwa vidogo na vijana wanashuka Tanga na Dar kutafuta maisha.

Wazo lenyewe sio geni, utalii wa kitamaduni Lushoto ulianza miaka ya 1990 kwa msaada wa SNV, shirika la maendeleo la Uholanzi, na toka mwanzo lengo lilikuwa wanakijiji wafaidike. Shida ni safari inapouzwa mbali. Mgeni analipa dola kwa wakala wa mjini, wakala anakata chake, wa kati naye anakata, kijana anayekuongoza siku tatu na mama anayekupikia wanagawana makombo. Na waongozaji wanawake mbona wachache hivi, wakati kina mama ndo wanapanda hizo njia kila siku na kuni kichwani?

Sisi Wabongo nasi, ukimwambia mtu unatembea milimani kwa starehe anakuuliza gari limeharibika au vipi.

Ukienda, beba sweta hasa Juni mpaka Agosti, panga safari na ofisi ya palepale Lushoto, na kabla hujalipa uliza muongozaji anapata ngapi na kijiji kinapata ngapi. Wakianza kujiumauma nenda ofisi ya jirani.