Gia 21 za nini Malindi?

Shemeji anatafuta baiskeli ya mtumba ya kwendea kazini, na kila tukionana ni gia 21 tu. Za nini, na kutoka Shela hadi Mambrui hakuna mlima wa maana?

Mimi huanza na magurudumu. Naliinua moja, nalizungusha, natega sikio kwenye gololi. Zikikwaruza, huenda chumvi imeshaingia. Kisha rimu: iwe ya alumini. Ya chuma hushika kutu kwa hewa ya bahari, na ikilowa breki hazishiki. Tairi nene, inchi 2 hivi, maana ukiacha lami tu ni mchanga. Fremu imtoshe kimo, isiwe na ufa kwenye maungio. Mnyororo hubadilishwa kwa bei nafuu. Kiti (wauzaji hukisifia mno!) atanunua kingine.