Mama ameondoka leo

Nimetoka uwanja wa ndege wa JKIA sasa hivi. Mama na kaka wamepanda ndege ya Mumbai, kisha waunganishe hadi Chennai, India.

Mama anaenda kutibiwa vali ya moyo. Bei tuliyotajiwa hapa Nairobi ilitushinda. Kule, hata ukijumlisha tiketi na viza ya mgonjwa na ya msindikizaji, ilikuwa nafuu. Mliochanga, Mungu awabariki.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano Mama aliishika mkononi tangu nyumbani, akiogopa kurudishwa.

Mlangoni akafungua fundo la leso, akanipa ufunguo wa nyumba.

"Unimwagilie sukuma zangu."

Nilishindwa kumjibu.

Niko kwa matatu, ufunguo bado kiganjani.

Nani amewahi kumpeleka mzazi huko? Alikula nini? Niambieni.