Majina Niliyoyaficha

Kisumu, Jumapili jioni

Leo nimesahihisha madaftari ya darasa zima bila kuiweka kalamu chini. Mwaka jana wakati kama huu ilikuwa inaniponyoka.

Vidole vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi mwezi wa tatu. Kikafuata kichwa, kikigonga nyuma ya jicho tangu gwaride hadi kengele ya jioni. Huku kando ya ziwa ukiumwa kichwa na kuchoka, watu wameshakupa malaria. Nikapimwa, kimelea hakikuonekana, dawa nikapewa. Mara ya pili ikawa taifodi. Ganzi, nikaambiwa, ni baridi. Dawa zikaisha, nami nikabaki vilevile.

Lililonitisha zaidi sikumwambia mtu. Nilikuwa nasahau majina ya watoto niliowafundisha miaka miwili. Nikawa nawaita "wewe mwenye sweta", "wewe wa dirishani". Jioni moja nilisimama Kondele, matatu zinaita abiria, nisijue nyumbani ni upande gani. Nilikaa kwenye benchi la mama muuza mahindi mpaka akili ikarudi. Niliona aibu. Niliogopa nikisema watanitoa darasani.

Mwezi wa saba nilianguka mbele ya ubao, mwili wote ukitukutika. Majirani wakanong'ona kifafa, wengine wakasema nimerogwa. Mama alifika kutoka Ahero usiku uleule na hakubishana na yeyote.

Daktari aliyenipokea aliuliza mambo niliyodhani hayahusiani. Nywele zinanyonyoka? Una vidonda mdomoni? Ukipigwa na jua ngozi inafanyaje? Viungo vinakaza asubuhi? Nikajibu yote. Alipofika kwenye kumbukumbu, nikasema iko sawa. Mama akanigeukia.

"Daktari, huyu juzi ameniita kwa jina la dada yangu marehemu. Mara mbili."

Nililia palepale.

Damu na mkojo vilipopimwa, jibu likawa lupasi: kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Kati ya wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa. Nilikuwa nimesikia habari za upele wa mashavuni wenye umbo la kipepeo, ambao mimi sikuwahi kuupata. Sikujua kwamba ugonjwa huu unaweza kuvimbisha mishipa midogo ya damu ya ubongo au kuigandisha damu humo, na kwamba kuna wanaoanza kuumwa hivyo, kabla ya ngozi na viungo. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha kuutambua. Daktari huunganisha vipimo na anayosimuliwa, na mimi nilikuwa nimemnyima kipande kikubwa.

Nameza prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, inayopunguzwa kidogo kidogo, na haidroksiklorokwini. Jina la hii ya pili Mama alilitambua nusu. Ni ndugu ya ile klorokwini chungu ya utotoni, iliyotuwasha mwili usiku kucha, ambayo Kenya iliacha kuitegemea kwa malaria mwaka 1998 kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Hii nayo inataka macho yapimwe mara kwa mara.

Nilipomaliza kusahihisha nilijaribu kuandika majina ya wanafunzi wangu bila rejista. Jina la mmoja halikuja, yule wa dirishani anayependa hesabu. Nimeandika tarehe na saa kwenye kijitabu cha kliniki. Alhamisi nitamwonyesha daktari.