Kutoka saa sita hadi saa tisa

Mwanangu ameanza darasa la kwanza Januari hii, hapa Mtwara. Shule ya serikali haina ada, lakini sare, viatu, madaftari na hela ya uji vyote vinanitazama mimi. Na mshahara wangu wa dukani ni wa nusu siku: saa mbili asubuhi hadi saa sita.

Nikamwandikia mwenye duka barua kwa mkono, ukurasa mmoja. Naomba niwe natoka kazini saa tisa, Jumatatu hadi Ijumaa. Yaani saa 20 kwa wiki ziwe 35, bado chini ya zile 45 za sheria ya kazi. Mtoto akitoka shule atapita kwa dada yangu Shangani, nimeshakubaliana naye.

"Shikamoo mama," nikamkabidhi. Akavua miwani, akaisoma mara mbili, akaibana chini ya kikokotoo. "Msimu wa korosho ukiisha mauzo hupungua, mwanangu. Nikupe hadi saa nane kwanza."

Nilikubali, ila nikaomba iandikwe kwenye mkataba. Hapo sikurudi nyuma; maneno ya mdomo yaliwahi kunitoa machozi kazi ya nyuma. Kesho tunasaini.