Jinsi paka mwoga alivyoizoea nyumba yetu ya Mkomani

Ninaandika haya kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa kuhusu paka mgeni ni mbaya, na paka anayeitwa Zabibu nusura aharibiwe nao. Ni paka jike wa dada yangu wa Malindi, ambaye kazi ilimhamisha, nasi tukakubali kumlea hapa Lamu. Kabla hajamaliza hata wiki, niliambiwa nimfunge kamba asitoroke, nimnyime chakula mpaka njaa imtoe mafichoni, na jirani yetu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, akashikilia kwamba paka wa namna ile hukamatwa kwa nguvu na kukumbatiwa mpaka auache ukaidi wake. Paka aliyejificha hana ukaidi wowote, ana hofu.

Zabibu alisafiri kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti, ndani ya kikapu kilichofunikwa. Sikio la paka husikia sauti nyembamba hadi kufikia hezi (mitetemo kwa sekunde) 64,000 hivi, ilhali letu huishia karibu na 20,000, kwa hiyo mlio wa injini ambao sisi tunauvumilia kwake ulikuwa adhabu. Alipofunguliwa alijitupa chini ya samadari na hakutoka.

Siku niliyokwenda sokoni, mama alimkaribisha yule mzee ili atuonyeshe ujuzi wake. Aliingiza ufagio wa chelewa chini ya kitanda na kuusukuma huku na huku, na Zabibu akachomoka, akalipanda pazia, akarukia zidaka za ukutani, akaangusha mabakuli mawili ya kauri ambayo mama alirithi kwa bibi, kisha akajibana katika kidaka cha juu kabisa, karibu na boriti, akifoka kila alipokaribiwa. Mzee alipojaribu kumfikia kwa kupanda kiti, alipapurwa kuanzia kiwiko hadi kiganja. Nilirudi nikamkuta mama anaokota vigae, na paka hakushuka mpaka baada ya sala ya isha. Nilimwendea mzee kwa adabu nikamwambia, "Ami, Mungu akulipe kwa nia yako njema, lakini kuanzia leo mlango wa chumba kile nitaufungua mimi peke yangu."

Nilimwachia Zabibu chumba cha ndani, ambacho hakipitiwi na kelele za punda wa vichochoroni. Karai la mchanga mkavu nililiweka pembe moja na chakula pembe ya mbali, kwa kuwa paka hapendi kula karibu na choo chake. Boksi la katoni nililitoboa pande mbili, ili akiwa ndani asijihisi amezingirwa. Mama alikubali pia kuufukizia udi upande wa pili wa nyumba, maana moshi ule tunaoupenda sisi humchoma pua mnyama anayeijua dunia kwa kunusa.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo bado ninajivunia. Nilimwomba dada aniletee kwa basi kanga aliyokuwa akijifunika usiku, na nikamsisitizia asiifue. Niliitandika ndani ya boksi, na usiku uleule Zabibu akahamia humo. Baada ya yeye kuilalia kwa siku kadhaa, niliichukua nikaisugua kwenye miimo ya milango, miguu ya viti na pembe za kuta, kwa kimo cha shavu la paka, kwa sababu mashavuni mwake mna tezi ambazo harufu yake huipaka mahali anapopahesabu kuwa ni pake. Alipoanza kuchungulia ukumbini alikuta harufu yake mwenyewe imemtangulia, akatembea pale ambapo siku zilizopita angetambaa kwa tumbo.

Kila jioni niliketi mkekani nikisoma kwa sauti ya chini, nikiwa nimempa ubavu, kwani kukodolewa macho ni vitisho kwake. Akinitazama, niliyafumba macho polepole na kuyafumbua, mpaka naye akawa ananijibu vivyo hivyo. Siku aliyokuja kuinusa mikono yangu nilimkuna chini ya kidevu tu, sikumgusa tumbo.

Na huo ushauri wa kumnyima chakula usikubaliwe kamwe. Paka asipokula kwa siku 2 au 3, hasa akiwa mnene, mafuta huweza kulijaa ini lake na kumuua; na ni nani kati yetu asiyeijua hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha? Zabibu nilimpa samaki wa kuchemsha asiye na chumvi. Mabaki ya mchuzi hayafai, maana vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu ya paka, na maziwa huwaharisha wengi waliokwisha kukua.

Hakutoka nje mpaka daktari wa mifugo alipomchanja dhidi ya kichaa cha mbwa na kumfunga uzazi, kwa kuwa mashume, yaani paka dume, wa mtaani kwetu hawana subira. Mara za mwanzo nilimfungulia muda mfupi kabla ya mlo wa jioni, akiwa na njaa kidogo, nikagonga sahani yake kwa kijiko. Akarudi mbio kupitia dakani, yaani kwenye ukumbi mdogo wa mlangoni, na siku hizi hata kijiko sikihitaji.