Selimundu: herufi moja ya DNA, mada tatu za biolojia

Urithi hufundishwa muhula mmoja, utendaji wa jeni muhula mwingine, na mageuko mwishoni kabisa, mtihani ukiwa mlangoni. Mwanafunzi anatoka na mada tatu zisizojuana. Napendekeza ashike ugonjwa mmoja tunaoujua majumbani, selimundu, aufuate mwanzo hadi mwisho.

Jeni ya mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, iko kwenye kromosomu ya 11. Kodoni yake ya sita (kodoni ni herufi tatu zinazotaja asidi amino moja), GAG, ikigeuka GTG (GUG kwenye mRNA, nakala ya jeni), asidi amino iitwayo asidi glutamiki inaiachia valini nafasi yake. Ukianza kuhesabu na AUG, kodoni ya kuanzia inayotaja methionini, utapata ya saba. Methionini ya mwanzo hukatwa, ndiyo maana hesabu ya kawaida ni sita.

Asidi glutamiki ina chaji hasi. Valini haina chaji na hukwepa maji. Himoglobini yenye valini hiyo huitwa S, ya kawaida A. Himoglobini S inapoachia oksijeni, valini hiyo hunasa kwenye kibonyeo cha molekuli jirani, molekuli zinaungana kuwa nyuzi ngumu, na seli nyekundu inapinda. Chaji iliyopotea ndiyo inayosaidia maabara: kwenye elektroforesisi (kutenganisha protini kwa umeme) ya pH 8.6 hivi, A na S zote husogea kuelekea ncha chanya, ila S huachwa nyuma. Mwenye AS, aliyerithi jeni moja ya A na moja ya S, huonyesha mistari miwili. Kipimo cha sodiamu metabisalfaiti huondoa oksijeni kwenye tone la damu na kuonyesha seli zikipinda, lakini hakitenganishi AS na SS, yaani mbebaji asiyeugua na mgonjwa mwenye jeni mbili za S. Kwa kipimo hicho peke yake mtu asiambiwe kuwa ni mgonjwa.

Wazazi wawili wenye AS wana uwezekano wa 1/4 wa kupata mtoto wa SS katika kila mimba. Wengi hufasiri kwamba kati ya watoto wanne mmoja lazima augue. Sivyo. Uwezekano wa wote wanne kukosa SS ni (3/4)⁴, karibu 32%.

Sasa utendaji wa jeni, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mtoto wa SS huzaliwa akionekana mzima, ingawa jeni anayo tangu kutungwa mimba. Tumboni mnyororo unaotengenezwa kwa wingi ni gama, na jeni ya gama, inayounda himoglobini F ya mtoto aliye tumboni, haina kodoni ile iliyobadilika. Baada ya kuzaliwa, protini BCL11A huzima jeni za gama, beta inachukua zamu, na dalili kwa kawaida huanza mtoto akikaribia miezi sita. Kwa sababu hiyo hiyo kipimo cha kupindisha seli kinaweza kumdanganya daktari kwa mtoto mchanga. Dawa ya hydroxyurea humsaidia mgonjwa hasa kwa kupandisha F. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza mwaka 2023 hudhoofisha BCL11A kwenye seli za uboho. Kodoni ya sita haiguswi kabisa.

Kwenye mageuko, jibu linalopoteza alama ni "malaria ilisababisha jeni ya selimundu". Badiliko hutokea kibahati. Malaria ilichagua tu waliokuwa nalo: haiwaui wenye AS kirahisi kama inavyowaua AA, hivyo walibaki na kuzaa zaidi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye AS ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, wachache sana nyanda za juu kusiko na mbu wa kutosha.

Hesabu inathibitisha. Tuseme malaria inapunguza ufanisi wa AA (uwezo wao wa kuishi na kuzaa) kwa 0.1 ukilinganisha na AS, na SS wote wanakufa kabla ya kuzaa. Aleli S, yaani jeni ya aina ya S, kiwango chake kati ya jeni zote za beta kitatulia kwenye 0.1 ÷ (0.1 + 1), yaani 0.09. Wabebaji (AS) ni 2 × 0.91 × 0.09, karibu 16%. Wagonjwa chini ya 1%. Ondoa malaria, usitibu mtu: S itapungua, ila polepole, kwa kuwa sehemu kubwa ya aleli hizo imejificha ndani ya AS wasiougua. Kushuka hadi nusu, 0.045, kunachukua vizazi 11 hivi, na kushuka nusu nyingine vizazi 22 zaidi.